Mvuvi wa Kibirizi anaweza kuwa shujaa wa tanzia?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kigoma, tuna kikundi cha maigizo Ujiji. Nimeandika tamthilia ya mzee mmoja mvuvi wa mwalo wa Kibirizi, na muswada wote nimekutumia. Mzee huyu alikuwa na jina mwaloni: hajawahi kurudi mtupu. Samaki wakapungua, akachukua mkopo wa injini na nyavu, nyumba ikawa dhamana. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue akashindwa marejesho. Rafiki yake mfanyabiashara wa dagaa akamwambia aje amsimamie vichanja vya kuanikia dagaa, akakataa. Mwishoni anaingia ziwani usiku kwa siri, upepo unakuja, boti inazama, anakufa. Nimemchora kutokana na baba yangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, na hilo la rafiki na vichanja ni la kweli kabisa. Tulipoipeleka kwenye mashindano jaji mmoja alisema hii si tanzia, ni masikitiko tu. Shujaa wa tanzia lazima awe mtu mkubwa anayeanguka kutoka juu. Mvuvi wa dagaa anaanguka kutoka wapi? Akatushauri tuandike habari za Mtemi Isike. Mwalimu wangu wa Kiswahili naye anasema shujaa lazima awe na dosari ya tabia, na mzee wangu hana, alikuwa mtu mwema. Tangu siku ile silali vizuri. Naona kama ni baba mkubwa mwenyewe aliyeambiwa si kitu. Je, niiache?"

Marahaba, mwanangu. Usiiache, na jaji naye usimchukie. Ni kweli kwamba kuna kitu alikikosa pale ukumbini, ila alipotaka kukitaja akataja kingine. Umeuliza swali moja lenye mawili ndani yake. La kwanza ni kama mtu asiye na cheo anaweza kuibeba tanzia. Anaweza, na jukwaani ameibeba kwa karibu miaka 300. La pili hukuliuliza wazi, lakini nadhani ndilo linalokukosesha usingizi: je, mzee wangu ameibeba? Nimesoma muswada wako mara mbili, hapa Tabora, na jibu langu ni kwamba bado. Sababu yake haihusiani na dagaa.

Nianze na neno lenyewe, maana linatusaidia na kutuponza kwa wakati mmoja. Kwetu tanzia haikuzaliwa jukwaani. Ni tangazo la kifo. Unafungua simu alfajiri, kwenye kundi la familia kuna neno moja kwa herufi kubwa, TANZIA, na kabla hujafika kwenye jina moyo umeshakushuka. Tangazo hilo hutolewa kwa waziri na hutolewa kwa muuza karanga. Wataalamu wa fasihi walipotafuta jina la mchezo unaoishia kwenye maangamizi walilichukua neno hilohilo, kwa hiyo sikio la Mswahili halijawahi kudai taji. Mtego uko hapa: kwa kuwa neno linanukia sanda, tunadhani kila mchezo wenye maiti mwishoni ni tanzia. Sivyo. Mtu akigongwa na gari akiwa njiani kwenda sokoni, huo ni msiba, na tutamlilia. Tanzia ya jukwaani ni anguko ambalo mtu amelifuma mwenyewe, fundo kwa fundo, huku akiamini anafuma wavu wa kumlisha.

Sasa hili la ukubwa. Limetoka kwa Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyeandika katika kitabu chake Poetics kwamba shujaa wa tanzia hutoka miongoni mwa watu wenye sifa na neema kubwa, akatoa mfano wa Oedipus na Thyestes, wafalme wa hadithi za kale za Kigiriki. Lakini Aristotle alikuwa anaeleza tamthilia alizozikuta, ambazo ziliandikwa juu ya koo chache maarufu. Waliokuja baadaye sana huko Ulaya ndio walioligeuza elezo hilo kuwa amri. Na katika kitabu hichohicho yapo maneno ambayo wanaomnukuu kuhusu wafalme huyaruka: kwamba roho ya tanzia ni mpangilio wa matukio, na kwamba kinachoigizwa ni tendo kabla ya kuwa mtu.

Kwa nini basi wafalme waliwafaa Wagiriki? Tazama tamthilia ya Mgiriki Sophocles juu ya Oedipus inavyoanza. Mji wa Thebes umepigwa na tauni, watu wamejaa mbele ya nyumba ya mfalme wakimlilia. Kabla hajafungua kinywa tumeshajua kwamba yatakayompata yeye yatapita katika kila mlango wa mji ule. Cheo ni chombo cha kazi. Kinamwonyesha mtazamaji haraka ni wangapi watakaoburutwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhusika wako ni hili: akianguka, nani anaanguka naye?

Mzee wako ana jibu, na ni jibu zito. Wapo vijana wanaolala na njaa asipoingia ziwani. Wapo akina mama wanaochukua dagaa kwake kwa mali kauli, wanaanika, wanauza, ndipo wanamlipa. Yuko mkewe, anayelala ndani ya nyumba ambayo tayari ni dhamana. Na juu ya wote hao kuna jina, "hajawahi kurudi mtupu", ambalo kila mmoja wao ameegemea. Jaji aliuliza mvuvi anaanguka kutoka wapi. Anaanguka kutoka kwenye jina hilo. Tatizo ni kwamba katika muswada jina hilo linatajwa mara moja tu, na msimulizi, katika onyesho la kwanza. Sikumwona mama hata mmoja akikopa fedha kwa mtu mwingine kwa kulitaja. Ebrahim Hussein alilijua jambo hili alipoandika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Kinjeketile wake hana kiti cha enzi. Ana neno, kwamba maji yake yanazuia risasi, na neno hilo limekua mpaka limempita kimo. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu neno limekwisha kuwa la watu. Mzee wako naye ana neno lililomshinda kimo. Mpe watu wa kulibeba.

Kuhusu mwalimu wako na dosari ya tabia, hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili nimelikuta katika madaftari mengi mno. Neno la Kigiriki ni hamartia, na asili yake ni ya mpiga mshale: kukosa shabaha. Sisi tumebahatika, kwa sababu Kiswahili kina neno lenye maana zote mbili. Tunasema "nimemkosa ndege" na tunasema "nimekosa, nisamehe", kwa kitenzi kilekile. Mtu mwenye jicho zuri na nia njema analenga, anaachia, na mshale unatua pasipo. Oedipus alitabiriwa kwamba atamuua baba yake, akakimbia Korintho na wale aliodhani ni wazazi wake ili lisitokee. Na mbio hizohizo ndizo zilizomfikisha kwenye njia panda alipomuua baba yake halisi bila kumjua. Wema wake ndio uliomwelekeza huko. Aristotle mwenyewe alikataa shujaa mwovu kabisa, akakataa na mwema asiye na waa, akataka mtu wa katikati anayeponzwa na kukosea. Kwa hiyo usije ukampa mzee wako pombe wala nyumba ndogo ili mwalimu aridhike. Nimeona waandishi vijana wakifanya hivyo, na kila mara mhusika alibadilika akawa somo la maadili. Muulize mzee: ulilenga nini, na mshale ulitua wapi?

Katika hiyo miaka 300 watu wa kawaida wamepanda jukwaani wengi. Mwaka 1731 George Lillo aliwaonyesha watu wa London tanzia ya kijana mwanagenzi wa duka. Mjerumani Georg Büchner alifariki mwaka 1837 akiwa na miaka 23 tu, akaacha bila kumaliza tamthilia ya askari fukara, Woyzeck, aliyemtoa kwa mtu halisi aliyekatwa kichwa kwa hukumu huko Leipzig mwaka 1824. Askari huyo analipwa na daktari ili ale njegere peke yake kama jaribio. Ilingoja mpaka 1913 ndipo ikachezwa.

Lakini aliyelijibu swali lako ana kwa ana ni Mmarekani Arthur Miller. Tamthilia yake Death of a Salesman ilifunguliwa New York tarehe 10 Februari 1949, na mwezi huohuo akaandika makala gazetini kutetea kwamba mtu wa kawaida anaifaa tanzia sawasawa na mfalme. Hoja yake ni kwamba kinachotutikisa ni kumwona mtu aliye tayari kuitoa roho yake, ikibidi, ili kulinda kitu kimoja tu: heshima yake, nafasi anayoamini ni yake mbele za watu. Jambo hilo halihitaji ukoo wa kifalme.

Willy Loman, shujaa wake, ana miaka 63. Kwa zaidi ya miaka 30 ameizungukia kampuni moja akiuza bidhaa, amebeba mabegi ya sampuli mji hadi mji. Sasa amechoka, na bosi kijana, aliyerithi kiti kwa baba yake, anamfukuza kazi. Mpaka hapo tuna masikitiko tu, na jaji wako angekuwa na haki. Ila kuna jirani, Charley. Charley anampa kazi, zaidi ya mara moja. Willy anakataa. Na wakati anakataa, kila wiki anakopa fedha kwa Charley huyohuyo ili mkewe adhani ni mshahara! Soma hapo polepole, mwanangu, maana bosi, soko na bahati mbaya vyote vimewekwa pembeni. Mlango uko wazi na mtu anaufunga kwa mkono wake. Anaufunga kwa sababu kuingia ni kukiri kwamba imani iliyoongoza maisha yake yote, kwamba mtu akipendwa na watu kila kitu humfungukia, ilikuwa mshale uliopotea. Anaona afadhali afe, na anakufa. Anaondoka na gari usiku akitaraji bima ya dola 20,000 imfikie mwanawe Biff. Alikuwa ameota mazishi ya umati, wakaja wachache wa nyumbani, na Charley na mwanawe. Mkewe anamwambia kaburini kwamba leo amelipa malipo ya mwisho ya nyumba.

Wapo wanaomkatalia Willy cheo cha shujaa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema shujaa wa tanzia lazima macho yake yafumbuke. Oedipus anajua, na kwa kujua anajitoboa macho. Willy anakufa angali anaota. Nimeifundisha tamthilia hii kwa miaka na sijawahi kutulia upande mmoja. Hivi sasa naona hivi: Biff anapolia mbele yake, Willy anagundua kwa mshangao kwamba mwanawe anampenda. Hilo ni jicho kufumbuka, tena kweli. Kisha jicho lilelile analitumia kuitazama ndoto ileile: kama mwanangu ananipenda, basi fedha za kifo changu zitamfanya mtu mkubwa. Mengine yote ya kuonwa anaachiwa Biff, na tunaachiwa sisi. Si utambuzi kamili kama wa Oedipus. Kwangu mimi unatosha.

Pingamizi kali zaidi lilitoka kwa mhakiki George Steiner mwaka 1961. Alisema tanzia ya kweli hairekebishiki: sheria laini zaidi za talaka zisingebadilisha lolote katika yaliyompata Agamemnon, mfalme wa tanzia za Kigiriki aliyeuawa na mkewe, ilhali matatizo mengi ya tamthilia za kisasa yangetibika kwa sheria au fedha. Sikubaliani naye kwamba tanzia imekufa, lakini kipimo chake nakichukua, na nakuomba nawe ukichukue. Je, afisa mikopo akiongeza muda wa marejesho katika onyesho la pili, mzee wako anapona? Kwa muswada ulivyo, anapona kabisa. Ukurasa baada ya ukurasa afisa anaeleza riba, mzee anasihi, afisa anakataa. Hayo ni malalamiko, na huenda ni ya haki, ila mahali pake ni mkutano wa kijiji. Punguza onyesho lile libaki robo.

Na hilo la kufungwa ziwa, mwanangu, umelionea. Umelifanya kama amri ya mkatili mmoja. Ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, na mvuvi mzee wa Kibirizi anajua kuliko mimi na wewe kwamba wamepungua. Tanzia inapata moto pale pande zote mbili zinapokuwa na haki. Ningependa kumwona mzee huyu mchana, mkutanoni, akisimama na kuunga mkono kufungwa kwa ziwa, kwa dhati kabisa, vijana wakimsikiliza kwa sababu ni yeye anayesema. Kisha usiku nimwone anajaza mafuta kwenye injini.

Maana hapo ndipo ulipo moyo wa tamthilia yako, nawe umeupitia mbio: rafiki, na vichanja. Katika muswada ni mistari sita tu. Rafiki anatoa kazi, mzee anasema "hapana, asante", tunahamia kwingine. Mistari hiyo sita ndiyo Charley wako, na hukumwiga mtu, umeitoa nyumbani kwenu. Kusimamia vichanja ni kazi halali, ingelipa deni polepole. Lakini mzee aliyekuwa analeta dagaa atasimama juani kuhesabu dagaa walioletwa na wengine, mbele ya akina mama walewale. Akikubali, nyumba inapona na jina linakufa. Hakuna afisa wala serikali inayoweza kumwamulia hilo. Onyesho hilo liwe refu kuliko yote.

Ukilijenga, utaona mwenyewe kwamba upepo wa mwisho haufai. Mwaka 1904 J. M. Synge wa Ireland alionyesha tamthilia fupi ya mama mzee wa visiwani ambaye bahari imemchukulia mume, baba mkwe na wana 6. Ni nzuri sana, inakaa kifuani siku nyingi, lakini ni maombolezo. Yule mama hatendi, anatendwa. Bahari ndiyo mwenye mchezo. Upepo wako unamnyang'anya mzee tamthilia katika dakika ambayo ilipaswa kuwa yake.

Ufanyeje? Unaweza kumwacha azame, mradi kabla ya kuzama tujue ameona alichokosea, na kwamba angeweza kugeuza boti na hakugeuza. Unaweza pia kumfanya kijana mmoja wa boti yake amfuate kwa kuliamini jina, kijana afe, mzee arudi hai. Hiyo ina nguvu, ila kijana huyo tuwe tumempenda tangu mwanzo; akiletwa ili afe tu, watu wa Ujiji watakugundua.

Mimi navutwa na njia ya tatu, na ziwa lenu lenyewe ndilo lililonipa. Dagaa huvutwa kwa taa, katika usiku wa giza. Siku za kawaida ukisimama Kibirizi usiku unaona taa nyingi majini kama mji mwingine ng'ambo. Ziwa likifungwa, ni giza tupu. Mzee anayeingia kwa siri ili avue lazima awashe taa, na akiwasha taa, Kibirizi nzima inaiona, moja tu, katikati ya weusi. Anajua hivyo. Anawasha. Alfajiri anarudi na boti imejaa, na mwaloni wamesimama wote: vijana waliomsikia mkutanoni, akina mama, rafiki yake, na wenye mamlaka ya kukamata boti na nyavu. Hakurudi mtupu. Jina limetimia na limevunjika kwa tendo lilelile, mbele ya watu walewale waliolibeba. Hapo huna maiti, na kuna watakaokuambia tanzia bila maiti haipo. Waambie Oedipus naye hafi mwishoni mwa tamthilia ile.

Kuhusu Mtemi Isike, ni kweli anastahili tamthilia, nami ninayeishi hapa Unyanyembe, nchi aliyoitawala, ningeitazama kwa moyo wote. Januari 1893 Wajerumani walipolivamia boma lake aliilipua ghala ya baruti akiwemo mwenyewe. Lakini mwandike siku atakapokunyima usingizi yeye, kama anavyokunyima huyu. Nimetazama michezo ya watemi ambamo mtemi anahutubia kama yuko kwenye sherehe za kitaifa toka mwanzo hadi mwisho. Kiti cha enzi kilikuwepo, tanzia haikuwepo.

Yapo mambo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Muswada huu unahitaji kusomwa kwa sauti, wenzako wakiwa wamekaa duara, na awepo mvuvi mmoja mzoefu wa kukukosoa namna watu wanavyozungumza ndani ya boti usiku. Mtafute mwelekezaji aliyesomea kazi hiyo. Wahitimu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wapo mikoani, na Afisa Utamaduni wa manispaa yenu atakusaidia kuwapata na atakueleza taratibu za vibali. Na hili la kutolala, usilichukulie la kawaida likiendelea. Jaji alihukumu kurasa. Baba yako mkubwa hakuwa ukumbini, na uzito wake hauongezwi wala kupunguzwa na alama za mashindano. Lakini huenda kuandika kumefukua majonzi ambayo hukupata muda wa kuyalia. Kaa na mtu mzima wa ukoo unayemwamini, au shehe wako au padri, uso kwa uso. Na usingizi ukikataa kwa majuma, nenda kituo cha afya ukawaeleze hivyohivyo ulivyonieleza.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa mama yako mkubwa. Ni stahili yake kujua kwamba mumewe anapandishwa jukwaani, na akisema hapana, badilisha mwalo, badilisha kazi, mfanye mhusika mwingine. Akikubali, msomee ile mistari sita. Yeye alikuwepo nyumbani siku ile rafiki alipokuja na habari ya vichanja. Muulize mzee alijibu nini hasa, alikuwa amekaa au amesimama, na baada ya mgeni kuondoka alifanya nini kwanza. Kama alinyamaza, uandike ukimya huo.